Leo Umeme Haukukatika

Vwawa, Ijumaa ya pili ya Novemba, 2014. Mawingu tangu alfajiri, manyunyu mchana, hasira kutwa nzima.

Shajara, leo sina salamu. Nimekaa kwenye kiti cha mama barazani, viatu vimejaa tope la Tunduma, na chai imepoa mbele yangu mara mbili. Nimemchukia kila mtu kwa zamu. Asubuhi nilimchukia shemeji, kisha nikamchukia dada, mchana ikawa zamu ya Profesa. Sasa ni jioni, zamu zimeisha, nimebaki mimi mwenyewe.

Acha niandike kwa mpangilio, maana nikiandika kwa hasira nitaanza kujitetea.

Kwa anayepita kwenye blogu hii kwa mara ya kwanza: mimi ni mtoto wa hapa Vwawa, nasoma shahada ya uzamivu Ulaya, na ninachosomea ni nyota changa. Watu wa mtaa huu wakisikia hivyo wanataka niwasafishie nyota zao. Jana tu mama mmoja jirani alinivuta pembeni akaniuliza kama ninaweza kumwangalia binti yake, maana ana miaka thelathini na wachumba wanafika mlangoni wanarudi. Nikamwambia nyota zangu mimi ni za angani, hazijui habari za wachumba. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu aliyepoteza ada ya shule bure.

Nyota ninazosomea ni changa kweli, za miaka milioni chache, ambayo kwa nyota ni utoto. Bado zimezungukwa na sahani kubwa ya gesi na vumbi, na humo ndani ya sahani ndimo sayari zinamotengenezwa. Mimi sishughuliki na sahani yote. Nashughulika na sehemu ya ndani kabisa, jirani na nyota yenyewe, ambako joto ni kali hadi vumbi haliwezi kukaa, linageuka mvuke. Kuna mahali vumbi linapokomea, na ukingo huo ndio kazi yangu. Nataka kujua kama ni duara safi au umevimba upande mmoja. Ukiwa umevimba, huenda kuna kitu kinazunguka humo na kuuvuruga, na dunia za mawe kama hii yetu huzaliwa maeneo kama hayo.

Shida ni umbali. Kuutazama ukingo ule ni sawa na kusimama Tunduma ukaangalia harage moja lililoko Dar es Salaam, kisha utakiwe kusema lina kovu upande gani. Darubini moja haitoshi. Unachukua kadhaa zilizotawanywa juu ya mlima, unaunganisha mwanga wake kwa ustadi mkubwa, ndipo zinafanya kazi kama darubini moja yenye upana wa mlima wenyewe. Mitambo ya namna hiyo duniani inahesabika, na wanaoitaka ni wengi. Unaandika ombi, unasubiri miezi, halafu unapewa muda kidogo kama mtu aliyeomba chumvi.

Mimi nilipewa muda wa saa mbili. Kwa msimu mzima.

Muda wenyewe ulikuwa leo, kuanzia saa nne kamili asubuhi hadi saa sita mchana. Mitambo iko Marekani, Kalifonia, na usiku wao ndio mchana wetu. Kwa hiyo mtu aliyeko huku anaweza kutazama nyota baada ya chai ya asubuhi, kupitia intaneti, huku fundi wa zamu kule mlimani akigeuza darubini kwa maelekezo yake. Nyota yangu iko jirani na kundi la nyota la Kilimia, na Novemba ndio mwezi wake. Ikifika Machi au Aprili itaanza kupotea kwenye mwanga wa jua, na haitakaa vizuri tena hadi miezi ya mwisho ya mwakani. Ufadhili wangu unaisha mwezi wa sita. Sura ya mwisho ya tasnifu imekaa inasubiri vipimo vya nyota hiyo moja, na bila sura hiyo sina tasnifu.

Ndiyo maana nimechukia hivi.

Nilikuja nyumbani wiki tatu zilizopita kwa sababu ya mama. Amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na hapa nyumbani hakuna mwingine wa kumwekea dawa kila baada ya saa nne. Profesa wangu, ambaye ndiye msimamizi, alinikubalia nisafiri, lakini aliniuliza swali moja kwa barua pepe: una uhakika na umeme wa huko siku ya kutazama? Liliniuma sana swali lile. Nilimwandikia ukurasa mzima. Nilimweleza habari za mji wa mpakani wenye malori ya nchi nne, mabenki, maghala na jenereta kila kona. Nilimwambia asiwe na wasiwasi kabisa. Alipendekeza mwanafunzi mwenzangu akae tayari kuchukua nafasi yangu, nami nikakataa. Nikasema nyota ni yangu, nitaitazama mwenyewe, tena nikiwa kwetu.

Nakiri hapo palikuwa na majivuno. Kuna jambo limenikera tangu mwaka wa kwanza wa masomo. Nilikwenda hadi Ulaya, nikakaa kwenye ukumbi wa mihadhara na koti zito, ndipo nikasikia kwa mara ya kwanza kwamba Ivuna, hapo chini karibu na Ziwa Rukwa, liliwahi kuanguka jiwe kutoka angani ambalo wanasayansi wa dunia nzima wanalitamani. Limebeba vumbi la ile sahani iliyolizunguka jua letu kabla dunia haijawa dunia, na halijabadilika sana tangu hapo. Mhadhiri alilitaja jina la Ivuna kwa lafudhi ya ajabu, nami nikanyamaza, kwa sababu nilichokuwa najua kuhusu Ivuna ni chumvi inayotoka huko. Shuleni walitupeleka Ndolezi kukalia Kimondo cha Mbozi na kupiga picha, basi. Tangu siku ile nilijiapiza kwamba kazi yangu moja, hata moja tu, itafanyika nikiwa nimekaa huku.

Sasa leo.

Hapa Vwawa modemu inasuasua, hasa mawingu yakitanda. Nilimwomba shemeji Rajabu, mume wa dada yangu Rehema. Ni mtu wa Kondoa, alifika Tunduma zamani akiwa utingo wa lori na sasa ni wakala wa kutoa mizigo mpakani. Ofisi yake ina intaneti nzuri kwa sababu ya karatasi za forodha, na ina jenereta. Hakuniuliza hata swali la pili. Aliniambia ofisi ni yangu kuanzia saa tatu, yeye ataondoka baadaye kwenda kuswali Ijumaa, nifunge mlango nikimaliza. Alinunua na dizeli ya ziada kwa ajili yangu.

Jana jioni nikamwacha mama na jirani, nikaenda kulala kwa dada. Nyumba yake iko kwenye mteremko unaotazamana na Nakonde. Ukikaa dirishani pake unaona mabati ya Wazambia. Nililala mapema. Kengele niliitegesha kwenye simu, saa kumi na mbili kamili.

Kengele ililia, nikaamka. Watoto wa dada walikuwa wameshakwenda shule. Nikasema moyoni kwamba shule za siku hizi zinawatesa watoto, saa kumi na mbili mtoto yuko darasani. Nikaoga. Nikapitia orodha yangu: nyota ya kulinganishia kwanza, kisha nyota yangu, kisha ya kulinganishia tena, maana bila ile ya kulinganishia huwezi kujua lipi ni la nyota na lipi ni la mtambo. Nikanywa chai na viazi vitamu bila haraka. Nje mawingu yalikuwa mazito, hakuna jua wala dalili ya jua.

Dada akaniuliza naondoka saa ngapi. Nikamwambia saa tatu.

"Saa tatu ya wapi?" akasema, anaosha vyombo, hata hakugeuka.

Nikaona ananitania, msomi ninayeishi kwa saa za Ulaya. Nikacheka, nikaendelea na chai.

Wenyeji wa Tunduma mnaosoma hapa mmeshajua kilichotokea. Wengine niwaeleze. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, na mitandao yao ya simu haijui mpaka. Ukilala kwenye mteremko ule na simu yako imeachiwa ijipangie saa yenyewe, usiku inadaka mnara wa Nakonde na inahamia Zambia na saa yake. Watu wa Tunduma wanalijua hili kama wanavyojua bei ya mahindi. Ukipanga kukutana na mtu pale, hata kwenda kunyoa, anakuuliza saa ya wapi, ya huku au ya ng'ambo, na hakuna anayeona ni swali la ajabu. Ni adabu ya mji. Mimi mtoto wa Vwawa, mwendo mfupi tu kutoka pale, nimekaa ugenini miaka mitatu nikaisahau adabu hiyo.

Niliondoka simu ikisema saa tatu kamili. Kumbe ilikuwa saa nne, na kule mlimani fundi alikuwa anaita jina langu.

Njia ilikuwa tope, malori yamesimama kwa foleni hadi karibu na kituo cha mafuta, nikapita katikati yake nikiwa nimekumbatia begi la kompyuta kifuani. Nilifika ofisini simu ikisema saa tatu na dakika thelathini na mbili. Nilijilaumu kwa zile dakika mbili, maana nilipanga kuunganishwa saa tatu na nusu. Nilijilaumu kwa dakika mbili, shajara.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni. Alisema alinipigia simu mara tano, sipatikani. Nikamuuliza kwa nini hakumpigia dada.

"Nilimpigia, akasema yupo anakunywa chai, hana wasiwasi. Nikasema basi, msomi ana hesabu zake."

Nikainua macho nikaona saa yake ya ukutani: saa nne na dakika thelathini na tatu. Badala ya kushtuka, nikamwambia saa yake imekwenda mbele. Nilimwambia kwa ukali. Mtu aliyeninunulia dizeli.

"Shemeji," akanijibu taratibu, "hiyo ndiyo saa ninayofungulia malori ya watu. Haijawahi kwenda mbele."

Nikafungua kompyuta. Mimi kompyuta yangu naiweka kwenye saa ya dunia nzima, ile wanayotumia wanaastronomia wote ili wasigombane, na muda wangu ulianza saa moja kamili ya saa hiyo, yaani saa nne ya huku. Ilisema saa moja na dakika thelathini na sita. Nikaigombeza na kompyuta nayo. Kwa sekunde kadhaa nilikuwa nimesimama kwenye chumba chenye saa tatu, mbili zinakubaliana, na mimi natetea ile ya tatu kwa sababu ilikuwa mkononi mwangu.

Ujumbe wa mlimani ulikuwa umeingia mara tatu. Wa kwanza ulisema wako tayari, wananisubiri. Wa pili ulisema zimebaki dakika kumi kabla ya kuachia nafasi. Wa tatu ulisema wameendelea na mtu mwingine. Sheria yao iko wazi na nilitia saini kwamba nimeisoma: mtazamaji asipounganishwa ndani ya dakika ishirini, muda unahamia kwa anayefuata. Niliupita mpaka huo kwa dakika kumi na sita, muda ambao mtu anakunywa kikombe cha chai.

Nilimwomba fundi. Niliomba kwa namna ambayo sitaki kuiandika hapa. Alikuwa mstaarabu, akasema darubini zimeshafungwa kwenye nyota ya mwenzangu na kuzirudisha ni kumharibia yeye. Kisha akaongeza, bila ubaya, kwamba hewa ya leo imetulia kuliko siku zote za wiki hii. Sijui kwa nini watu wema hawajui wakati wa kunyamaza.

Ninachotaka ieleweke ni hiki. Taa ya ofisini ilikuwa inawaka. Intaneti ilikuwa inakimbia kama maji ya bomba jipya. Jenereta ilikuwa imekaa kimya pale nje na dizeli yake yote, haina kazi. Kila nilichokihofia kwa wiki tatu leo kilinyooka. Umeme wa Tunduma haukukatika hata dakika moja, na mimi, ninayelipwa ufadhili kwa kupima wakati na nafasi za vitu vya angani, nilishindwa kujua ni saa ngapi.

Nikarudi kwa dada kuchukua nguo zangu, na nilipofika nikamgombeza. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Rehema ni mkubwa wangu kwa miaka saba, hanijibu kwa kupayuka. Aliendelea kukunja nguo za watoto, kisha akasema, "Mimi nilikuuliza ya wapi. Wewe ukacheka." Niliingia chumbani nikakaa kitandani na begi langu magotini.

Hapo ndipo barua ya Profesa ilipoingia.

Ilikuwa barua nzuri. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Alisema ameona kwenye taarifa za usiku kwamba sikuunganishwa, na kwamba bila shaka ni umeme, asinilaumu mtu, anajua hali ya kwetu. Akaniambia nisikate tamaa kwa sababu kuna njia. Muda unaopotea kwa umeme au kwa mtambo kuharibika unaweza kulipwa, wana usiku wa akiba mwisho wa mwezi. Muda unaopotea kwa uzembe wa mtazamaji haulipwi. Kinachohitajika ni mstari mmoja kutoka kwangu kuthibitisha kwamba umeme ulikatika, uwe umefika kabla ya saa kumi na mbili jioni ya huku, ili ajaze fomu kabla ofisi hazijafungwa kwa wikiendi.

Mstari mmoja, na nyota yangu inarudi.

Nikamsomea dada kwa Kiswahili. Shemeji alikuwa amerudi kutoka msikitini, amekaa kizingitini anavua kanzu, akasikia yote. Yeye hakuona tatizo lolote.

"Andika umeme," akasema. "Hapa mpakani kila mzigo una karatasi yake. Umeme hauwezi kuja kujitetea."

Dada alinyamaza, na mimi namjua, akinyamaza hivyo ana maoni ila hataki yaje kulaumiwa baadaye. Nikamshukuru shemeji, nikamwomba radhi kwa maneno ya asubuhi. Alisema hata hayakumbuki. Anayakumbuka sana.

Kwenye gari la kurudi Vwawa nilikuwa na ule mstari tayari kwenye simu. Umeme ulikatika, samahani sana. Kwa Kiingereza ni maneno machache zaidi. Nilikuwa na safari nzima ya kubonyeza na sikubonyeza. Kila gari likisimama kupakia najiambia nibonyeze sasa, likiondoka najiambia kituo kinachofuata.

Sitaki kujifanya mtakatifu hapa. Angeniuliza kama niliumwa, ningeugua papo hapo. Angeniuliza kama mama alizidiwa, Mungu anisamehe, pengine ningesema ndiyo. Si uongo wenyewe ulionizuia. Ni kwamba uongo huu haukuhitaji hata kusemwa, ulikuwa umeshaandikwa na kusainiwa kwa niaba yangu, umebaki kugongwa muhuri tu. Kule ofisini kwao hakuna ambaye angeinua nyusi. Mwafrika, yuko kwao, umeme umekatika, pole yake, mpeni muda mwingine. Na mwakani akija msichana mwingine wa Mbozi au wa Ileje akiomba kutazama akiwa nyumbani, watamwonyesha fomu yangu, tena kwa upole kabisa. Watamwambia ilishajaribiwa.

Na nilikasirika pia kwa sababu ningekuwa nimemsingizia asiye na kosa. Inachekesha, najua. Nimeusema umeme wa nchi hii kwa kila tusi tangu nikiwa shule ya msingi, nikisoma kwa kibatari, na siku moja ambayo umefanya kazi yake kwa heshima, ndiyo siku ninayotaka kuushtaki.

Sasa kwa upande mwingine, shajara, tusidanganyane. Ukweli nao hauna faida kwa mtu. Nikisema ukweli, nani anapona? Profesa anapata aibu kwa wenzake kwa kuniamini. Usiku wa akiba unakwenda kwa mtu mwingine ambaye huenda naye amedanganya. Sura yangu inabaki na shimo katikati. Ukingo wa vumbi unabaki na siri yake. Nilijiambia hayo yote, yakaingia akilini vizuri, na bado kidole hakikushuka.

Nilifika nyumbani saa kumi na moja kasoro. Nikamwekea mama dawa ya jicho. Nikakaa hapa barazani. Nikaufuta ule mstari, nikaandika mwingine mrefu kidogo.

Nilimwandikia kwamba umeme ulikuwepo tangu alfajiri na upo hadi sasa ninapoandika. Intaneti ilikuwa nzuri kuliko ya ofisini kwake. Nilichelewa kwa sababu simu yangu usiku ilihamia kwenye mnara wa Zambia ikarudi nyuma saa moja, nami sikuangalia, ingawa mji mzima unaangalia, na ingawa niliulizwa na mtu anayeosha vyombo. Kosa ni langu. Asijaze fomu.

Nikabonyeza.

Sijui nilitegemea nini. Nadhani nilitegemea sifa. Nadhani mahali fulani ndani yangu nilifikiri atasoma, atavua miwani, atasema huyu ndiye mwanasayansi wa kweli, mpeni usiku mzima. Jibu lilikuja baada ya dakika kumi, mistari mitatu. Ananishukuru kwa kumweleza. Kwa hali hiyo muda huo umepotea na hawezi kuudai. Tutazungumza Jumatatu kuhusu jinsi ya kuendelea, ikiwa ni pamoja na tarehe zangu za kumaliza.

Tarehe zangu. Nimelisoma neno hilo hadi limepoteza maana.

Profesa hana kosa, na hiyo inazidi kunikasirisha. Shemeji hana kosa. Dada hana kosa kabisa. Fundi wa mlimani hana kosa, na mnara wa Nakonde ulikuwa unafanya kazi yake ya kuwahudumia Wazambia. Siku nzima nimetafuta mtu wa kumkasirikia na kila ninayemshika ananitoka mkononi akiwa msafi. Hata nafsi yangu, nikiibana vizuri, inajitetea kwamba kulikuwa na mawingu, jua halikuonekana.

Mama amekuja hapa barazani sasa hivi, anapapasa ukuta, jicho moja limefungwa kitambaa. Alikuwa amesikia navuta pumzi kwa nguvu. Ameniuliza kuna msiba. Nikamwambia hapana, nimepoteza nafasi ya kuitazama nyota niliyokuwa naisubiri. Akakaa. Akaniuliza kwa utulivu ule wa mtu aliyelima kahawa miaka arobaini na kuona misimu mibaya ikipita.

"Hiyo nyota ndiyo inazimika?"

Nikamwambia haizimiki. Ndiyo kwanza inazaliwa, hata watoto wake bado. Itakuwepo hapo hapo mwakani, na mwaka mwingine, na watu wote tuliopo duniani tukishasahaulika bado itakuwa changa.

"Basi wewe una haraka ya nini?" akasema, akanipapasa goti, akaona jambo limekwisha.

Sikumwambia kuhusu mwezi wa sita. Hajui kwamba pesa ninazomtumia kila mwezi zinatoka kwenye ufadhili ule, wala kwamba mwenye tarehe ya mwisho ni mimi, si nyota. Amekaa hapa pembeni yangu anafurahia upepo wa jioni, anasema jicho haliumi tena, anasema mwaka kesho nikija nimemaliza atachinja jogoo wawili.

Kesho nitamweleza. Leo niacheni nikasirike.